Jumanne, Saa Nne

Eluned hupanda mlima wa Tredegar na mfuko wa turubai:
njuga, sifongo, chupa ya mapovu.
Hata koti havui. Hulala kifudifudi zuliani,
shavu chini, sambamba na Macsen
na gurudumu analolizungusha tangu alfajiri.

Fomu ya halmashauri ina kurasa kumi na nne
za yale asiyoyaweza.
Baba yake alizijaza usiku; kalamu ikaishiwa wino
kwenye *hasemi*.

Wiki sita: povu, kungoja. Povu, kungoja.
Mvua inachapa dirisha.

Ya saba, Eluned anashika chupa,
hapulizi.

Mkono mdogo unamgusa kiwiko.
Mara moja. Tena.

"Umeona?" anauliza baba, akipapasa kalamu,
na pembeni mwa ukurasa, pasipo na kisanduku,
anaandika: *ameomba*.