Kofia ya Viua

Bibi Zuwena aliianza nikiwa mwaka wa pili chuoni,
akakata uzi wa mwisho wiki niliyoitwa kazini,
Al-Khuwair, ofisi ya viwanja, ghorofa ya tatu.
Viua mia nne na kumi na viwili.
Kahesabu yeye, kwa miwani yenye mguu mmoja;
mguu wa pili ni uzi uleule mweupe.

Asubuhi ya kwanza nilitoka kama bwana harusi aliyekosea siku:
kanzu imepigwa wanga na dobi wa Kimalabari
hata ingeweza kutangulia kazini peke yake,
kishada cha shingoni nimekichovya mafuta ya udi,
mara moja tu, maana Bibi kanionya:
"Harufu ikufuate, isikutangulie."

Saa moja na nusu Bwana Thuwaini akaniita pembeni,
karibu na mashine ya maji,
kwa sauti ya mtu anayemwambia mwenziwe ana mchicha menoni:
"Mwanangu, kofia ni ya nyumbani, ya sokoni, ya kuchezea keram.
Dawati la serikali linataka kilemba."

Nikajishika kichwa
kana kwamba kimevuja.

Kwetu hakuna aliyejua kukifunga.
Baba alikufa na mikono yake ya gereji;
kilemba alikivaa mara mbili,
siku ya ndoa na siku ya picha ya pasi.
Mjomba alijua kwa maneno tu, kwenye simu:
"Kunja. Zungusha. Kaza. Siyo hivyo!"
Nilitazama video hadi saa nane za usiku,
nikalala nimezongwa kama majeruhi wa lori.

Aliyenifunza ni Shahdad, Mbaluchi, mlinzi wa maegesho,
mbele ya kioo cha gari la mkurugenzi,
saa moja kasorobo, joto limeshanikaba shingo.
"Usikiogope kitambaa," alisema,
kwa Kiswahili alichookota kwa majirani,
"kitambaa kinanusa woga, kinateleza."
Siku tano. Ya sita akanitazama, asiguse kitu,
akanipigia saluti ya mzaha.

Na kofia?
Ilikaa droo ya chini,
juu ya mafaili ya mipaka yenye ugomvi.
Ruqayya wa dawati la pili,
anayebana mikono ya abaya kwa vibanio vya karatasi
isije ikalamba wino wa muhuri,
aliiona siku moja akitafuta gundi. Akaigeuza, akaichungulia ndani.
"Humu ofisini," akasema, "hii ndiyo nguo pekee
iliyoshonwa na mtu anayemjua mvaaji."
Akairudisha. Gundi hakuipata.

Jioni nilibadilisha garini, kabla ya kona ya Mabela:
kilemba kitini, kofia kichwani,
kama mtoto anayejifuta midomo baada ya kuiba sukari.
Wiki saba hivyo.

Wiki ya nane nilichoka, nikasahau.
Bibi alikuwa na sinia la mbaazi mapajani.
Akanitazama kuanzia juu, akashuka hadi makubadhi, akapanda tena.
"Nani kakufunga?"
"Nimejifunga mwenyewe, Bibi."
"Na aliyekufunza?"
"Shahdad. Mlinzi wa kazini."
"Huku nyuma kumelegea."
Akakaza kwa vidole viwili, vidole vya sindano,
na mimi nikaanza kumwaga yote: waraka, kanuni,
Bwana Thuwaini, droo ya chini, kona ya Mabela,

akanikata katikati:
"Mimi nilishonea kichwa, sikushonea ofisi.
Kichwa si unarudi nacho?"

Akachagua mbaazi mbovu, akaitupa. Akachagua nyingine.
Kisha, bila kuinua macho,
mkono umeshaanza kupapasa kikapu cha nyuzi:
"Huyo Shahdad,
kichwa chake kikoje? Kikubwa, au kama chako?"