Hatua Mia Tatu

Tulilala Pongwe, hatua mia tatu kutoka kitandani kwetu.
Nilizihesabu mwenyewe usiku, kandambili mkononi,
nilipokwenda kuchukua chumvi niliyoisahau.

Gari letu zamani lilikuwa la wagonjwa.
Semkiwa alilinunua mnadani, hospitali ilipochoka nalo,
akang'oa machela, akaweka godoro la sufi,
jiko la mtungi mdogo, ndoo tatu, kioo cha kunyolea.
Msalaba aliupaka kijani mara mbili;
mvua ikinyesha bado unajitokeza,
kama deni.
Nyuma akaandika kwa mkono wake, herufi zikipanda mlima:
NYUMBA NI YA KUSOGEA, ASIYETOKA HAJUI.

Tumeyafuata magari ya mbio mpaka Iringa, tukatetemeka;
mpaka Morogoro, mbu wakatugawana;
Bagamoyo tulikwama mchangani, watoto wakatusukuma
kwa soda mbili na ahadi.
Siku mbili za barabara, usiku mmoja wa kungoja,
halafu vuuu,
sekunde sita za gari,
robo saa ya vumbi.
Mwaka wa kwanza nilimwuliza: ndiyo hayo tu?
Akasema, subiri la pili.

Mimi magari siyapendi, nisiseme uongo.
Napenda anavyosimama.
Miaka thelathini na moja kwenye korona ya mkonge,
mashine ikamla masikio; nyumbani tunaongea kwa mikono.
Lakini porini anavua viatu,
anakanyaga udongo kama anayeonja maji ya kuoga,
na injini ikiwa bado ng'ambo ya kilima
anainua kidole: "Namba tisa. Anaogopa kona."
Inatokea namba tisa.
Kwenye kona, kweli, inasita.

Safari hii mbio zenyewe zimetufuata.
Mkonge kulia, mkonge kushoto,
mshale mwekundu umepigiliwa kwenye mnazi wa Mama Chambo.
Nikasema, basi leo tulale nyumbani.
Akanitazama kama nimemwambia tukalale polisi.

Kufuli lilikataa ufunguo, nikalibembeleza.
Ndani, harufu ya nyumba ya watu.
Kalenda imeganda mwezi Machi.
Kuku wa jirani kapitia dirishani, kataga
kwenye kiti cha Semkiwa. Mayai manne.
Nikajilaza kidogo, nione.
Kitanda kikubwa! Nilinyoosha mkono kutafuta ukuta wa bati,
mkono ukaenda, ukaenda,
hakuna.
Nikachukua chumvi. Nikachukua na mayai.

Asubuhi walipita kumi na mmoja.
Wa kumi na mbili alikuja akifuka moshi,
akazima mbele yetu kabisa, namba tisa yule yule:
kijana, jina lake Farzan limechorwa mlangoni,
nyusi nyeupe kwa vumbi kama babu wa mtu.
"Mama, mna maji?"
Nikampa ndoo mbili. Ya tatu ilikuwa ya kuogea,
Semkiwa akaibeba bila kuniuliza,
akaimimina kwenye rejeta taratibu, mdomo ukitembea,
kama anamwuguza.
Mayai mawili niliyakaanga wakati chuma kikipoa.
Kijana alikula amesimama, kofia ngumu kwapani.
Semkiwa akamwambia, kwa sauti ya kiziwi, pori zima likasikia:
"Ile kona ya mwerezini! Usiikanyagie breki, iamini!"
Kijana akaitikia, ndiyo mzee,
akaondoka.
Tukangoja.
Semkiwa alikuwa peku, macho amefumba.
Sijui alisikia nini kule chini.
Alicheka, akaanza kukunja turubai.

Mama Chambo alitukuta tunafunga ndoo.
"Nyie! Mmerudi lini?"
"Hatujarudi," nikasema, "tunapita,"
nikampa mayai mawili yaliyobaki, yamefungwa kwenye kitambaa.
Akayageuza mkononi, akaliangalia gari, akaniangalia mimi.
"Yule kuku," akasema, "hutaga manne."