Kipimo cha Mkono

Wanakuja kwangu Kibuye Jumatatu,
siku moja baada ya aibu.
Bwana Aguko, mhasibu wa kiwanda cha sukari,
amebeba draiva mpya kama jogoo aliyegoma kuwika.
"Fundi, hii ina kasoro. Inapeleka mpira kulia."
Naipokea. Naigongagonga kwa ukucha.
Kichwa kizima, ufito umenyooka.
Mbaazi ukikosa maua husingizia jua;
Aguko amesingizia majua matatu tangu Pasaka,
na kila jua lilimla mshahara wa mwezi.

Simwambii. Karo ya wanangu imo katika majua hayo.
Nabadilisha mpini, nalipwa, anaondoka anang'aa.

Mimi kazi hii sikuisomea.
Nilibeba mikoba miaka kumi na minne
kwenye uwanja ule karibu na ziwa,
nikajua sauti ya kila chuma:
namba saba ikigonga katikati husema twa,
kama ulimi kwenye kaakaa;
ikigonga kwa ncha, ni sufuria limeanguka.
Asubuhi za mvua tulikuta nyayo za kiboko kwenye majani,
kila unyayo bakuli la maji,
na mabwana wakabishana:
mpira ukitumbukia humo, unatolewa bure au kwa adhabu?
Kiboko hakuulizwa.

Februari akaja Bi. Perpetua Amolo,
mkunga, miaka sitini na moja, kastaafu juzi,
na nusu seti aliyoipata mnadani pamoja na kabati:
tatu, tano, saba, tisa, na pata yenye shingo iliyolegea.
Fimbo za mtu mrefu.
Nikamwambia asimame, aachie mikono,
avae viatu atakavyochezea.
Nikapima toka kifundo cha mkono hadi chini,
nikaandika kwa chaki ubavuni mwa mtungi wa gesi:
inchi moja na robo ziondoke.

"Ukizikata, si zitapiga karibu?"
"Zitapiga unakokusudia, mama. Huko ni mbali zaidi."

Nikakata. Cheche zikarukia viazi vya jirani.
Nikavisha mipini, nikampa saba ajaribu
papo hapo, kati ya masufuria na magurudumu.
Nikasubiri aikabe. Wote huikaba,
mishipa ya shingo imesimama,
utadhani fimbo ni mwizi wa kuku.
Yeye akailaza kwenye vidole,
akafunga mkono polepole,
akakoma.

"Umejifunzia wapi?"
"Kichwa cha mtoto," akasema. "Kikitoka kina utelezi.
Ukilegeza, anaanguka. Ukikaza, unamuumiza.
Kuna mahali katikati. Mkono unapajua,
ila lazima wewe unyamaze."

Mpira sikuwa nao. Akapiga kizibo cha soda.
Kikapita juu ya bati la Mama Akeyo
na vijana wa bodaboda wakapiga makofi.

Hakuwa bingwa, nisiwadanganye.
Mara ya kwanza mapigo mia na ishirini na saba,
mpira mmoja ziwani, miwili mikononi mwa tumbili.
Julai akaniletea kadi: mia na nne.
Hakutaka fimbo mpya. Alitaka msumari
aitundike kadi ile kwenye ukuta wangu,
kando ya kalenda ya saruji.

Basi Jumatatu iliyofuata Aguko akatokea
na draiva ya nne, bado na karatasi yake ya nailoni.
"Fundi, hii nayo..."
Nikashika rula. Nikaiangalia kadi. Nikaiangalia karo.
Nikaweka rula chini.
"Bwana, nipe mkono."
Akadhani namsalimu.
Ulikuwa na malengelenge manne,
mgumu kama ngumi hata ulipokuwa wazi.
Nikaukunjua kidole kimoja kimoja,
nikaweka humo yai la kuku wa Mama Akeyo.
"Kaa nalo. Likunjie vidole. Usilivunje, usiliangushe.
Nikimaliza chai
tutazungumza bei."