Kitabu cha Zamu

Wiki hii zamu ni yangu.
Kitabu kina mistari minne kwa kila siku:
waliopo, wasiokuwepo, usafi, matukio.
Huo wa mwisho ndio mfupi kuliko yote.

Jumatatu niligonga rimu ya gari kwa nondo,
Mburahati nzima ikajua ni saa moja.
Ukaguzi wa kucha. Saumu alificha kidole kimoja ngumini:
amekipaka rangi ya dada yake.
Nikakipita.
Matukio: hakuna.

Darasa la Pili B wako mia moja na kumi na wanane,
madawati ishirini na sita.
Wanne wanne, na kumi na wanne sakafuni.
Hao wa sakafuni ndio wanaojua
kwamba kiatu changu cha kushoto kimeshonwa.

Jumanne mvua. Bati lilichukua vipindi vyote.
Nikaandika ubaoni, nao wakaandika,
hakuna aliyesikia neno la mwenzake.
Nidhamu: nzuri sana.

Jumatano Mshindo alikata penseli kwa meno,
nusu akampa Hadhijati:
"Shika hii yenye ncha, mimi nitachonga."
Ilipofika saa nne walipigana kwa ajili ya ubuyu,
wakaja kushtakiana, wote midomo myekundu.

Alhamisi, mgawanyo.
"Mama ana vipande kumi na viwili vya muhogo,
watoto wanne. Kila mmoja atapata vingapi?"
Kondo akanyoosha mkono:
"Mwalimu, baba amerudi au hajarudi?"
Chaki ilinikwama kidoleni.
"Hajarudi."
"Basi vitatu."

Kondo huyo, kwa hesabu ni moto.
Kwa herufi hukohoa.
Tangu Januari, kila nikimfungulia kitabu
kikohozi kinamjia, kinamwinamisha,
nami humwambia akanywe maji,
akirudi zamu ya kusoma imeshampita.
Tulielewana hivyo, mimi na yeye,
na sijivunii.

Ijumaa, mapumziko, langoni kwa Mama Sikudhani.
Foleni ya mihogo, sarafu zimetota jasho viganjani.
Kondo amesimama nyuma ya mama mwenyewe,
macho kwenye pindo la kanga.
"U," akasema.
Nikadhani mafuta yamemrukia.
"U-si. U-si-ni."
Nikasimama, madaftari kwapani.
"U-si-ni-so-me."
Akameza mate. Nyuma wakamsukuma, hakusogea.
"Mi-mi si ba-ru-a."

Mama Sikudhani akageuka na chujio mkononi.
"We mtoto, unasoma nini huko nyuma yangu?"
"Kumeandikwa, mama."

Kanga ni doti. Ya pili ilikuwa mabegani.
Akaivua, akaitandaza kwa mikono miwili,
muhogo ukiungua karaini.
"Haya. Na huku?"
Maneno ni yaleyale, ndiyo desturi ya doti.
Lakini safari hii aliyapita mbio,
kama mtu aliyekwisha ijua njia
na anajua mbwa wa wapi amefungwa.
Kisha akadai muhogo wake, na pilipili,
akaenda zake kucheza.

Saa nane, ofisini.
Waliopo: mia moja na mmoja.
Wasiokuwepo: kumi na saba.
Usafi: wa kuridhisha.
Matukio.
Nikaandika: Kondo Pazi, Darasa la Pili B, amesoma.
Nafasi haikutosha, nikapanda na ukingo wa karatasi,
nikaandika alichosoma, na alikokisoma.

Mwalimu Mkuu alipitisha kalamu yake nyekundu,
akasita, akaandika chini:
"Wamebaki wangapi?"

Sikumjibu kwa maandishi.
Jumatatu zamu ni ya Mwalimu Nkwabi.
Nilipotoka nilipita langoni,
nikamwomba Mama Sikudhani
siku hiyo avae kanga nyingine.