Kifungu cha Nikumbuke

Desemba, Dundee, saa mbili asubuhi, na bado giza.
Programu yangu yasema kumekucha.
Haijui kwamba huku jua huripoti kazini
saa tatu kasorobo, bila udhuru.
Niliiandika igeuze saa zao ziwe saa zetu:
toa sita, ongeza sita, basi.
Mistari mia mbili na kumi na tisa.
Juu kabisa nikaweka leseni ya maneno matatu,
maana usiku ule nilikuwa na usingizi na ukarimu:
Chukua. Tumia. Nikumbuke.

Miaka saba hakuna aliyeuliza.
Kisha ikaja barua ya wakili, Bi Odile Gagnon wa Toronto.
Kampuni yake yataka kuitia saa hiyo
katika vidude vya kuwakumbusha wagonjwa dawa.
Chukua, ameielewa.
Tumia pia, ingawa auliza kama kutumia ni pamoja na kuuza.
Tatizo ni neno la tatu.
Mfasiri wa kwanza kamwambia: wewe unikumbuke mimi.
Wa pili kamwambia: mimi nikumbuke, nisije nikasahau.
"Tafadhali fafanua nani amkumbuke nani,
kwa muda gani,
na asiyekumbuka atafanywaje."

Nilicheka hadi chai ikapoa.
Kisha sikucheka,
maana hata hiyo *ni* ilikuwa uongo.
Gwenllian wa Bangor ndiye aliyerekebisha majira ya kiangazi,
saa moja inapokopwa Machi na kulipwa Oktoba.
Shufaa wa Leicester alininyooshea tahajia
huku akinitukana kwa upole pembezoni.
Na Mwakio, dereva wa lori la samaki, Peterhead,
alileta mstari mmoja tu, wa mia na tatu.
Programu yangu ilikuwa ikiikata siku saa sita usiku, chwaa, kama kisu.
Yeye akaweka: usiku wa kuamkia.
"Mimi ndiye niliye macho saa hizo," aliandika.
"Jumatatu haifi ghafla namna hiyo."

Sheria yataka kila aliyetia mkono akubali.
Nikawaandikia.
Gwenllian: ndiyo, siku hiyohiyo.
Shufaa: ndiyo, na koma ya pili umeikosea.
Mwakio, kimya.
Wiki. Wiki tatu.
Ufute mstari wake, wakili akanishauri, uuandike upya kwa njia yako,
ni mstari mmoja.
Nikakaa mbele ya kioo saa saba usiku
nikijaribu kuusema usiku ule bila maneno yake.
Kila njia ilipitia kwake.

Akajibu bintiye, Wakesho.
"Baba alifariki Machi, barabara ya Fraserburgh, barafu.
Aliacha koti la mvua, redio, madeni mawili.
Sikujua kuna mstari.
Naambiwa sasa ni wangu, miaka sabini.
Nionyeshe ni upi."
Nikamwonyesha. Akauliza unafanya nini.
Nikajibu: ikifika saa sita ya usiku
unaizuia siku isikatike.
Siku mbili hakuandika kitu.
Kisha saini, na chini yake:
"Wauze wakitaka. Jina lake lisitolewe."

Leo nimemjibu Bi Gagnon kwa lugha kavu kama biskuti.
Kunakili, ruhusa. Kubadili, ruhusa. Kuuza, ruhusa.
Dhamana hakuna; saa ikikosea, msinishtaki.
Sharti ni moja: majina haya manne yasafiri na kila nakala,
yasifutwe, yasifupishwe,
hata ukibaki wa programu nzima mstari mmoja.

Lakini juu yake, pasipo namba wala kifungu,
nimeliacha lile neno, nikabadili herufi mbili:
Tukumbuke.
Ataandika tena, namjua:
ni sisi wa kukumbukwa, au sisi wa kukumbuka?
Hilo, Bi Odile, sifafanui.

Saa tatu kasorobo. Mto Tay waanza kuonekana, rangi ya bati.
Nazima taa ya jikoni.
Mapema mno. Naiwasha tena.