Nguzo ya Arobaini na Moja

Tunazama siku za maji mafu tu,
hori la Mzinga likiwa limechoka kuvuta na kusukuma.
Hata hivyo sioni kitu. Naona mkono wangu
mpaka kwenye kifundo, basi, kilichobaki ni tope.
Kwa hiyo nasoma kwa vidole,
kama atafutaye kiberiti umeme ukikatika:

hapa gome. Hapa pamechongwa, mapigo manne,
shoka la jiwe au la nini, hatujui,
maabara ilichukua kipande na haijajibu.
Huu mkoko. Ule pale msinzi.
Kondo, kwenye boti ya mpira, ameshika kamba yangu:
mvuto mmoja, niko salama; miwili, lete kibandiko;
mitatu, nipandishe.

Thelathini na nane, thelathini na tisa, arobaini.
Zimekaa mistari miwili inayopinda kidogo
kama meno ya mtoto.
Juu yake palikuwa na sakafu, na moto juu ya udongo,
na mtu aliyetupa maganda ya chaza mlangoni
bila kufikiri kwamba nitayaokota,
niyasugue kwa mswaki, niyape namba.

Wageni wakija pale Mlimani
kutazama magogo yetu ndani ya mabeseni
(hayatakiwi kukauka, yakikauka ni unga)
wote huuliza swali lile lile:
Kwa nini walijenga majini?
Daktari Mbonea hujibu kwa adabu: samaki, adui, pengine mbu.
Mimi hubadilisha maji ya beseni.

Nimelelewa Jangwani, nyumba ya tatu kutoka mtoni.
Masika tuliinua kitanda juu ya matofali,
mawili kila mguu, mwaka mwingine matatu,
friji juu ya meza, meza juu ya madebe,
na mama, Zena binti Pazi, juu ya kitanda,
akichambua mchele, miguu inaning'inia.
Walipokuja na rangi nyekundu kuchora X ukutani,
bwana mmoja mwenye faili alimuuliza, wala si kwa ubaya:
Mama, kwa nini mlijenga majini?
Mama akamkaribisha chai.
Pakavu palikuwa pale kitandani tu, akapanda,
na miguu yake nayo ikaning'inia.

Leo, arobaini na moja.
Vidole vimekuta kisichokuwemo kwenye ramani:
nguzo nyembamba imeegemezwa kwenye ile nene,
haijaoza kama mwenziwe,
na katikati alama ya kamba iliyobana mpaka ikala mti.
Mtu aliona ya kwanza inalegea.
Hakuhama. Alikwenda kukata mti mwingine,
akaja nao begani, akaufunga,
akaujaribu kwa uzito wake,
akarudi ndani kulala.

Nilipaswa kuvuta mara mbili.
Sikuvuta. Kondo akavuta yeye, mara moja, kama anayeuliza.
Nikamjibu mmoja.
Kisha kwenye kibao, gizani, nikaandika: 41.
Na pembeni, kwa kukosa neno la kitaalamu:
tofali.