Kanyaga, Shikilia

Ilikuja ikisukumwa,
Honda ya sabini na nane, silinda nne,
na ndugu yangu Lali nyuma yake, jasho hadi kwenye soksi,
kutoka sokoni mpaka kwangu Barani,
kwa sababu breki ya nyuma ilizama kama mguu kwenye tope
na mkokoteni wa maji ukapata kovu.
Madebe matatu yalimwagika. Ameyalipa.
Hayo aliniambia kijana aliyemsaidia kusukuma.
Lali mwenyewe hakusema.

Mwaka wa pili huu hatusemezani.
Baba alipofariki, urithi ulipigiwa hesabu:
mtoto wa kiume, pikipiki;
mtoto wa kike, sanduku la spana.
Sikulalamika mbele ya kadhi. Nililalamika jikoni,
na jikoni kuna dirisha.

Nafungua.
Boliti mbili za namba kumi, moja imeliwa kichwa;
naibana kwa koleo, naitukana kidogo, inakubali.
Chumvi ya Malindi haina haraka:
imepenya chini ya raba ya vumbi,
ikakaa humo kama mpangaji asiyelipa kodi,
ikaitafuna pistoni vitundu vitundu.
Napitisha ukucha. Ukucha unakwama.
Basi, masta hii haisafishiki tena.
Mafuta yake rangi ya chai iliyolala.

Nyingine imekuja kwa basi la Mombasa,
imefungwa kwa gazeti, kurasa za mpira.
Si yake hasa; ni ya Suzuki.
Lakini kipenyo ni kilekile, milimita kumi na nne,
na matundu yamepishana kwa unywele.
Unywele naujua mimi. Tupa ya baba inaujua pia.

Washa mpya za shaba, pande zote mbili.
Za zamani usirudishe, alikuwa akisema,
shaba ikishabanwa haisahau.

Kikombe kilitikisika. Tone moja likaanguka tangini,
pale baba alipoandika jina la mama kwa brashi.
Nikalimwagia maji, mbio,
lakini mafuta ya breki hayangoji maji:
MWANASHA, na A ya mwisho imevimba, inachubuka.
Lali aliona. Akameza mate.

Kisha kutoa upepo,
na upepo hautolewi na mtu mmoja.
Mmoja chini, spana kwenye nipeli, mpira ndani ya chupa ya soda;
mwingine mguu juu ya pedali.
Kijana wa kusukuma keshaondoka.
Nikatazama barabarani: paka, na muuza viazi karai.
Nikasema, bila kutaja jina:
Kanyaga.
Akakanyaga.
Shikilia.
Mapovu yakatoka, manene, ya mtoto anayejifunza kupiga mbizi.
Achia.
Kanyaga. Shikilia. Achia.
Mara ya tisa akasema, "Imeanza kukaza."
"Bado," nikamjibu.
Yalibaki madogo, kama ufuta,
na hayo ndiyo yanayoua watu.

Mara ya ishirini na kitu, pedali ikawa ngumu kama kisigino.
Akauliza ngapi. Nikataja bei ya dukani na nauli ya basi;
ufundi sikuutaja.
Akahesabu noti, akaongeza moja. Nikairudisha.
Akaiacha juu ya sanduku,
akaikandamiza kwa ile boliti iliyoliwa kichwa.

Akaondoka taratibu. Kwenye kona ya duka la mkate
taa nyekundu ikawaka, ikazimika, ikawaka tena,
na mbele yake hapakuwa na mtu wala mkokoteni.
Labda alikuwa anajaribu tu.
Mimi nilishaanza kutafuta rangi
ya kuandikia A.